Kipande cha Mti, Namba Saba

Leo nimekabidhiwa funguo tatu ndani ya bahasha ya kaki:
wa mlango, wa roshani,
na mmoja ambao hata Bwana Musyimi aliyeniuzia
hajui unafungua nini.
"Weka tu," alisema. "Nyumba haikosi siri."

Ghorofa ya nne, Imara Daima.
Jina la mtaa linajigamba kuliko ukuta:
jikoni pana ufa mwembamba, kama mto kwenye ramani,
umetoka dirishani, umeishia kwenye soketi.
Maji ni Jumanne na Ijumaa.
Lifti ipo, kwenye mchoro.
Garimoshi la jioni likipita
vikombe vyangu viwili vinasalimiana.

Nitailipa miaka kumi na tano.
Karani wa Sacco alinitazama juu ya miwani:
"Utakuwa na hamsini na sita, dada.
Tia sahihi hapa. Na hapa. Na hapa."
Sahihi ya tatu haikufanana na ya kwanza.

Nimeketi sakafuni; kiti sina.
Nina sufuria, godoro ambalo bado limevaa nailoni,
na begi lile la mgongoni
ambalo mfuko wake wa pembeni, hadi leo,
ukiukung'uta unatoa mchanga wa Kalacha.

Siku hamsini na mbili.
Likizo za miaka sita, nilizozilimbikiza maabarani
nikihesabu chembe za damu za watu wengine,
hadi mkuu wa wafanyakazi akaniambia zitaoza.
"Unasafiri na nani?" mama akauliza.
Na mimi.
"Ndiyo, lakini na nani?"

Isiolo. Laisamis. Marsabit, ambako ukungu
huingia chumbani bila hodi na kulala kitandani kabla yako.
Siku ya kumi na moja nilizungumza na sabuni.
Siku ya ishirini niliagiza chai, mhudumu akasahau sukari,
nikainywa, nikaipenda,
nikakaa pale kama mtu aliyepigwa kofi:
miaka arobaini nilikuwa nimekunywa sukari ya mama,
kisha sukari ya Wanyama,
na sikuwahi kuulizwa, wala kujiuliza.

Wengine hurudi na picha. Mimi nilirudi na ufunguo wa watu.
Chumba namba saba, kwa Bi Talaso,
umefungwa kwenye kipande cha mti kinene kama gunzi
ili mgeni asiusahau mfukoni.
Nikausahau mfukoni.

Niliuona nikiwa Pipeline, nikitafuta wangu gizani,
nje ya chumba nilichokipanga miaka kumi na mmoja.
Nikasimama kwenye korido, ufunguo huu mkono huu,
ule mkono ule,
majirani wakikaanga samaki, mtoto akilia kwa sababu ya hesabu,
nikafanya hesabu yangu:
kule nililipa usiku mmoja mmoja, asubuhi nikapewa chai.
Hapa nimekuwa mgeni wa miaka kumi na mmoja
na hakuna aliyewahi kunipa chai.

Ufunguo niliurudisha kwa basi, na shilingi mia tatu za fidia.
Bi Talaso akapiga simu, akicheka:
kitasa alishakibadilisha.
"Na ule mti umeupeleka wapi?"
Nikakiri kwamba nimebaki nao.
"Huko kwako kuna mlango?"
Wakati ule haukuwapo. Nikasema upo.
"Basi ufunge hapo."

Nimeufunga leo. Funguo tatu na mti mmoja,
mzigo mzima, mkoba umeinama upande.
Ule wa tatu nimeujaribu kote:
sanduku la mita, geti la paa, kabati chini ya sinki.
Umekataa kote.

Sasa ni usiku. Ndege inashuka, taa zake zinapita darini kwangu.
Darini kwangu. Nimelisema kwa sauti, halina mwangwi,
nailoni ya godoro inalimeza.
Chai inachemka, kavu.
Viatu nimeviacha mlangoni, ncha zikitazama nje,
kama nilivyozoea kule, ili alfajiri nisihangaike.
Kesho nitavigeuza.
Labda kimoja.